Uzito wa Gari Mlimani: Hesabu ya Pembetatu na Usalama Barabarani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, akishapita Ruaha Mbuyuni, hukabiliwa na Mlima Kitonga. Hapo malori yaliyosheheni hufuatana kwa mwendo wa kinyonga, injini zikinguruma kwa gia ndogo. Yale yanayoteremka hupishana nayo yakinuka breki zilizopata moto. Miaka kadhaa iliyopita, basi nililosafiria liliharibika chini ya mlima huo, nami nikapewa nafasi ndani ya lori moja. Dereva wake alikuwa mzee wa makamo, mtu mtaratibu, na kando yake aliketi utingo kijana.

Alipopata habari kwamba nafundisha chuo kikuu, mzee yule aliniuliza: "Mwalimu, wewe umesoma mpaka ng'ambo, hebu tuamue. Mizani imesema lori hili ni tani hamsini. Sasa tunapanda, nami nasikia kabisa kwamba limekuwa zito zaidi. Tukirudi kwa kushuka, kijana wangu huyu husema limekuwa jepesi, tuweke nyutro liteleze lenyewe tuokoe mafuta. Nani mwenye haki?"

Nilijibu upesi, kama tulivyozoea darasani: "Uzito haubadiliki, Mzee." Akacheka. "Basi nieleze kwa nini mguu wangu unasema mengine." Jibu langu lilikuwa sahihi lakini halikumfaa kitu. Makala hii ni jaribio la kutoa jibu lililo kamili, tena kwa hesabu ambazo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuzifuata.

Uzito ni nini?

Yatupasa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Wingi wa mata iliyomo ndani ya kitu huitwa tungamo, nao hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani, yaani mvuto ambao dunia huuvuta mata hiyo kuelekea chini, nao hupimwa kwa nyutoni. Hapa kwetu kila kilogramu moja huvutwa kwa kani ya nyutoni 9.8 hivi. Lakini kwa kuwa mizani za madukani na za barabarani huandika kilogramu, katika makala hii nitasema "kani ya kilogramu 100" kwa maana ya kani iliyo sawa na uzito wa mzigo wa kilogramu 100. Anayetaka nyutoni atazidisha kwa 9.8.

Jambo la kushika ni hili: dunia huvuta gari kuelekea chini wima, kama uzi wa timazi unavyoning'inia. Haijali kama barabara imelala au imeinama. Kwa hiyo lori la tani 50 ni la tani 50 bondeni, mlimani na kileleni. Kinachobadilika ni namna uzito huo unavyogawanyika.

Migawo miwili ya uzito

Gari likisimama mahali tambarare, uzito wake wote huikandamiza barabara, na barabara huubeba wote. Barabara ikiinama, haiwezi tena kuubeba uzito wote, kwa sababu barabara husukuma kwa pembemraba na uso wake tu, ilhali uzito huelekea chini wima. Basi uzito hugawanyika katika migawo miwili. Wa kwanza huikandamiza barabara. Nitauita mgawo wa kukandamiza. Wa pili hulivuta gari kufuata mteremko. Nitauita mgawo wa kushuka.

Chora mstari wima kuelekea chini kutoka katikati ya gari, urefu wake uwakilishe uzito. Mstari huo uwe kiegama cha pembetatu mraba, ambayo upande mmoja ni sambamba na barabara, na upande wa pili una pembemraba na barabara. Pembe iliyo kati ya mstari wa wima na upande huu wa pili ni sawasawa na pembe ya mwinamo wa barabara. Sababu yake ni rahisi: barabara ikiinama kwa nyuzi 10, mstari ulio na pembemraba nayo huinama pia kwa nyuzi 10, kama vile kitabu kikiinamishwa kingo zake zote huinama kwa kiasi kimoja.

Kutokana na pembetatu hiyo tunapata kanuni mbili:

Mgawo wa kushuka = uzito × sini ya pembe ya mwinamo.
Mgawo wa kukandamiza = uzito × kosini ya pembe ya mwinamo.

Wanafunzi wengi huzichanganya sini na kosini. Dawa yake ni kujiuliza hali za mwisho. Barabara ikiwa tambarare, pembe ni sifuri na gari halishuki kokote: mgawo wa kushuka lazima uwe sifuri, nayo sini ya sifuri ni sifuri. Barabara ikisimama kama ukuta, pembe ni nyuzi 90, gari haliukandamizi ukuta hata kidogo, nayo kosini ya nyuzi 90 ni sifuri. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kukariri.

Tuchukue gari dogo la kilogramu 1,200:

Nyuzi 0: mgawo wa kushuka 0, wa kukandamiza kilogramu 1,200.
Nyuzi 5: kushuka 105, kukandamiza 1,195.
Nyuzi 10: kushuka 208, kukandamiza 1,182.
Nyuzi 20: kushuka 410, kukandamiza 1,128.
Nyuzi 30: kushuka 600, kukandamiza 1,039.
Nyuzi 45: kushuka 849, kukandamiza 849.

Msomaji makini ataona kwamba migawo miwili ikijumlishwa huzidi 1,200. Je, mlima umeongeza uzito? La hasha. Kani zenye mielekeo tofauti hazijumlishwi kama shilingi. Hujumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras: mraba wa mgawo mmoja na mraba wa mgawo wa pili hutoa mraba wa uzito. Kwa nyuzi 30, mraba wa 600 na mraba wa 1,039 hutupa takribani 1,440,000, ambao ndio mraba wa 1,200.

Orodha hiyo ina funzo jingine. Katika miinamo ya kawaida ya barabara, mgawo wa kukandamiza haupungui sana, lakini mgawo wa kushuka hukua upesi. Ndiyo maana abiria hahisi kwamba gari limepungua uzito, ilhali injini na breki huonja tofauti kubwa.

Shanga za Stevin

Kanuni hii haikuanza na magari. Mwaka 1586, Simon Stevin, mhandisi mzaliwa wa mji wa Brugge katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji, aliithibitisha kwa kufikiri tu. Aliwazia mkufu wa mipira 14 iliyo sawa, uliozungushiwa kabari ya pembetatu. Upande mmoja wa kabari, uliolala zaidi, ulikuwa mrefu mara mbili ya upande wa pili. Mipira minne ililala kwenye upande mrefu, miwili kwenye upande mfupi, na minane iliyobaki ilining'inia chini.

Mkufu huo utazunguka? Ukizunguka hatua moja, kila mpira utachukua nafasi ya mwenzake, na hali itakuwa ile ile ya mwanzo. Kama ulikuwa na sababu ya kuanza kuzunguka, basi utazunguka milele bila kusukumwa na mtu, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo umetulia. Mipira minane ya chini huvuta sawasawa pande zote mbili, hivyo mipira minne ya upande mrefu inasawazisha miwili ya upande mfupi. Yaani njia ikiwa ndefu mara mbili kufikia kimo kile kile, kani ya kushuka ya kila mpira ni nusu. Huko ndiko kusema kwamba kani hufuata sini ya pembe.

Kupima mwinamo bila vyombo vya gharama

Wahandisi wa barabara hueleza mwinamo kwa asilimia. Asilimia 10 maana yake barabara inapanda mita 10 kwa kila mita 100 za mlalo. Hiyo ni tanjenti ya pembe, na asilimia 10 ni pembe ya nyuzi 5.7. Wengi hudhani kwamba asilimia 100 ni ukuta wima. Sivyo, ni nyuzi 45 tu.

Ukitaka kupima mwinamo, chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pimamaji ya fundi mwashi. Laza ubao barabarani kufuata mteremko, kisha inua ncha ya chini mpaka kiputo cha pimamaji kikae katikati. Pima nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Ikiwa ni sentimita 10, mwinamo ni asilimia 10. Ikiwa ni sentimita 6, ni asilimia 6. Chagua njia isiyo na magari, na upime mahali kadhaa, maana barabara ina mabonde madogo yanayodanganya.

Katika pembe ndogo, sini na tanjenti hukaribiana mno. Kwa mwinamo wa asilimia 10, tanjenti ni 0.1000 na sini ni 0.0995. Kwa hiyo dereva asiye na majedwali anaweza kuchukua uzito wa gari na kuuzidisha kwa asilimia ya mwinamo. Atakosea kwa nusu ya sehemu moja ya mia tu.

Mizani ya barabarani

Hesabu hii hueleza pia kwa nini mizani ya malori hujengwa mahali palipolala kabisa. Mizani husoma mgawo wa kukandamiza peke yake. Lori la tani 50 likipimwa kwenye mizani iliyoinama kwa asilimia 10, mizani itasoma tani 50 × 0.995, yaani kilogramu 49,750. Kilogramu 250 zitakuwa zimefichika, sawa na magunia mawili na nusu ya mahindi yenye kilogramu 100 kila moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na sheria ya namna hiyo hutekelezeka tu pale mizani inaposema kweli.

Kushuka: hapo ndipo penye hatari

Sasa turudi kwa mzee na lori lake la tani 50. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue mteremko wa asilimia 10. Mgawo wa kushuka ni 50,000 × 0.0995, yaani kilogramu 4,975. Ni kana kwamba mtu amefunga kamba mbele ya lori na kuning'iniza mzigo wa tani tano. Likipanda, injini hupambana na tani tano hizo pamoja na ukinzani wa matairi. Likishuka, tani tano zile zile huligeukia lori na kulisukuma. Mguu wa mzee ulisema kweli, ila alichokihisi ni mgawo wa kushuka, si uzito.

Ukinzani wa matairi kwenye lami ni kama sehemu moja ya mia ya uzito, yaani kilogramu 500. Ukiutoa, inabaki kani ya kilogramu 4,475, ambayo ni takribani nyutoni 43,900. Tuseme kijana amepata matakwa yake: gia imewekwa nyutro lori likiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha breki zikakataa. Mwendo utaongezeka kwa mita 0.88 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde 10 lori litakuwa katika kilomita 62 kwa saa. Baada ya sekunde 20, tukiupuuza upinzani wa hewa, litakuwa katika kilomita 93 kwa saa, likiwa limesafiri mita 340 tu. Muda huo hautoshi hata kwa abiria kutambua kwamba kuna jambo.

Ajabu ni kwamba gari dogo la kilogramu 1,200 lingeongeza mwendo kwa kiasi kile kile, maana uzito mkubwa huvuta tungamo kubwa, na uzito mdogo huvuta tungamo dogo. Tofauti ipo katika joto. Breki hazifuti nishati. Huigeuza kuwa joto. Lori letu likishushwa kwa kilomita 30 kwa saa kwa breki pekee, breki hizo zitazalisha joto kwa kadiri ya kilowati 365. Hizo ni sawa na pasi za umeme 365 za wati 1,000, zote zikiwashwa kwa pamoja ndani ya magurudumu. Ukishuka kwa kilomita 60 kwa saa, ni pasi 730. Na kimo chote kikiwa mita 300, nishati itakayogeuka joto hutosha kuchemsha karibu mapipa mawili ya lita 200 ya maji yaliyoanza kwenye nyuzi 20 za Selisiasi. Bitana za breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga, pedali huitika, lakini gari halipungui.

Kwa sababu hiyo gia ndogo hutumika. Injini iliyounganishwa na magurudumu huyazuia, na joto lake hutolewa kupitia ekzosi na rejeta badala ya kurundikana kwenye breki. Hoja ya kuokoa mafuta nayo haina msingi kwa injini za kisasa: gari likishuka ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye kichapuzi, mafuta hukatwa. Ni katika nyutro ndipo injini huyahitaji ili isizimike.

Matope na tanjenti

Mgawo wa kukandamiza nao una kazi yake: ndio unaolipa tairi uwezo wa kung'ang'ania. Kani kubwa kabisa ya msuguano ni mgawo huo ukizidishwa kwa kigawe cha msuguano, ambacho kwa lami kavu ni kama 0.7, na kwa matope yanayoteleza chaweza kushuka hadi 0.2 au chini yake. Gari litateleza pale mgawo wa kushuka unapouzidi msuguano, yaani tanjenti ya pembe inapozidi kigawe hicho. Uzito umejifuta ndani ya hesabu. Kwenye matope ya kigawe cha 0.2, mwinamo wa asilimia 20 ndio mwisho, liwe gari tupu au lililojaa.

Hiyo ni ikiwa magurudumu yote yanasukuma. Pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo hubeba nusu ya uzito, mwisho wake ni karibu asilimia 10. Wanavijiji wanapopanda nyuma ya pikapu iliyokwama, wanaongeza fungu la uzito lililo juu ya magurudumu yanayosukuma. Fungu hilo likifika sehemu saba katika kumi, gari litapanda mpaka asilimia 14. Walijua hivyo bila majedwali.

Kwa kusimama pia mteremko hudai haki yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami iliyolowa, yenye kigawe cha 0.4, husimama katika mita 35 mahali tambarare tangu breki ziliposhika. Kwenye mteremko wa asilimia 10 litahitaji mita 47. Hizo mita 12 za ziada zaweza kuwa ndizo zilizokutenga na mtoto avukaye barabara.

Reli na mlima

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo kuliko tairi juu ya lami, na kichwa cha treni peke yake hulazimika kuvuta mabehewa mengi. Kwa hiyo reli haiwezi kuthubutu miinamo ya barabara. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kazi kubwa mno ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako mahandaki na madaraja yalihitajika kwa wingi. Madaraja na mahandaki hayo yalijengwa ili sini ya pembe ibaki ndogo.

Jibu kwa mzee

Tulipofika Iringa nilikuwa nimeandika hesabu hizi nyuma ya karatasi ya mizani. Mzee alizitazama, akasema kwamba walimu wake wa udereva walimfundisha kanuni moja: mlima hushukwa kwa gia ile ile unayoupandia. Hesabu inaonyesha asili ya kanuni hiyo, maana mgawo wa kushuka ni ule ule kwenda na kurudi. Ila nilimwongezea neno moja. Kanuni hiyo ilitungwa wakati wa injini dhaifu. Lori la leo, lenye injini kubwa, laweza kupanda kwa gia ambayo haitoshi kulizuia likishuka. Gia ya kushukia na iwe ndogo zaidi, nayo ichaguliwe kileleni kabla ya kuanza kuteremka, kwa sababu lori likishashika kasi huenda gia ndogo isiingie tena.

Kijana alisikiliza yote kimya. Kisha akaniuliza kama ile kani ya tani tano ingekuwa ngapi lori likiwa na tani 30 kwenye mteremko wa asilimia 8. Nilimpa kalamu. Akazidisha mwenyewe, akapata tani 2.4, akairudia hesabu mara ya pili ili ahakikishe. Msomaji naye na afanye hivyo kwa gari lake na kwa mlima wa kwao, kabla hajaufikia.